Sauti Kwenye Spika, Sori

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa harufu tamu kidogo, kama ubani uliochomwa vibaya. Kila nikiisikia, najikuta tena Sori, nina miaka kumi, niko mbele ya jeneza.

Mama yangu alikuwa akikodisha spika za matanga. Asubuhi ile, miaka ya tisini, jeki, ile ncha ya kuchomeka ya waya wa maikrofoni, ilichomoka. Kwa kuwa alishaanza kunifundisha kazi, akaniuliza, "Tubane na koleo ama tulehemu?"

Kulehemu kulitaka jiko liwashwe na chuma kipate moto. Nikaona uvivu. Nikasema tubane.

"Haya. Hiyo ni kazi yako," akasema, akanipa koleo.

Marehemu, Baba Adongo, alikuwa mvuvi. Alitoka alfajiri bila kumuaga mkewe, aliyekuwa angali usingizini, akaletwa siku ya nne amefunikwa turubai.

Saa sita mchana, pasta aliweka maikrofoni mezani ili tuombe kimya. Ndipo spika ikaanza kupumua. Ukaja mlio mwembamba, kisha sauti ya mwanamume, ya mbali, kama anaongea ndani ya mtungi: "Oriti." Kwaheri, kwa Kijaluo.

Hakuna aliyekuwa karibu na maikrofoni. Viti vilianguka. Mzee mmoja aliruka benchi, kofia yake ikabaki nyuma. Mjane peke yake hakusogea.

"Oriti, Baba Adongo," akajibu polepole.

Mama aliwasha jiko, akalehemu ile jeki mbele ya watu. Spika ikanyamaza, mazishi yakaendelea.

Njiani akaninong'oneza, "Ni redio. Waya ukibanwa vibaya hunasa redio. Yule ni mtangazaji alikuwa anaaga wasikilizaji. Usimwambie mtu."

Nilidhani anaficha aibu yangu. Kwa miezi mingi niliogopa hata kugusa koleo.

Nilipokuja kuwa fundi nilijua kwamba waya hunasa redio kweli. Kisha siku moja, sokoni Oyugis, mwanamke mzee alinishika mkono. Alikuwa Mama Adongo, yule mjane.

"Wewe ndiye uliyekaa na zile waya," alisema. "Niambie, mwanangu. Alikuwa yeye?"

Maelezo yote nilikuwa nayo. Nikatazama vile vidole vilivyonishika, na hapo tu ndipo nikaelewa kwa nini mama yangu alininyamazisha.

"Alikuwa yeye, mama," nikasema.