Mtahini mwenye rasta nilizosuka mimi

Jamani, sikilizeni haya.

Leo nilikuwa na mtihani wa mdomo wa hisabati. Chuo chetu ni kidogo, darasani tuko wanne tu, huwezi kujificha nyuma ya mtu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtahini, mama wa makamo kutoka chuo kingine.

Zile rasta kichwani nazijua. Nilizisuka MIMI, Jumamosi, saluni kwa mama yangu, mtaani Yeoville.

Na siku hiyo nilivyochonga mdomo! Nilimwambia wahadhiri wa hisabati hawana huruma, na huyo mtahini anayekuja nasikia anafelisha watu kwa raha zake. Yeye anaitikia tu: "Ehe? Pole, mwanangu."

Eish. Nikajua nimekwisha.

Nyie mngefanyaje? Mimi nilitazama dirisha.

Akaniambia nithibitishe ubaoni kwamba namba tasa hazina mwisho. Chaki ikaniponyoka. Nikaanza, nikafuta, nikaanza upya, uthibitisho ukatoka wote.

"Umefaulu," akasema. Nilitaka kulia.

Wakati wa kutoka nikamnong'oneza: "Mama, nisamehe. Lakini mbona siku ile hukusema kuwa ni wewe?"

"Ningesemaje," akajibu, "na kichwa changu kilikuwa mikononi mwako?"