Blanketi la Mama Malerato

Sisi Wasotho blanketi halitutoki mabegani, hata jua liwake vipi. Siku hiyo jirani yangu Mama Malerato alivua lake dukani kwa Lebina, akaliacha kwenye kaunta, akajaribu jipya. Kisha umbea ukamkolea, akajisahau, akatoka na hilo jipya mabegani. Mlinzi akamdaka mlangoni.

Mahakamani Lebina akafoka, "Mama huyu mwizi!"

"Mheshimiwa," Mama Malerato akajibu kizimbani, "mwizi gani anaacha blanketi lake kwa mwenye duka? Hebu muulize liko wapi."

Hakimu akamtazama Lebina.

"Nilidhani ni la dukani, mheshimiwa. Nikaliuza."

Mama Malerato akasogea pembeni, akapigapiga ubao wa kizimba.

"Karibu baba, tubanane. Nafasi ipo."