Kisima cha Mama Tatu

Mchanga wa mto mkavu, ukichimbwa hadi kiunoni, huanza kutoa harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji. Kwa harufu hiyo tulijua hatuko mbali na maji. Nilikuwa na miaka tisa, nasi tulikuwa wageni katika bonde la Usangu, ng'ambo ya Chimala. Baba alitutoa Usukumani na ng'ombe wake kutafuta malisho. Mwaka ule mto ulikauka mapema, ikabaki njia pana ya mchanga mweupe, na kila familia ikachimba kisima chake humo. Maji yalijikusanya taratibu chini ya shimo, tukayateka kwa kata ya kibuyu, haba na haba, mpaka ndoo ijae. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kiangazi kikikaza, mgeni mwenye kundi la ng'ombe hapokelewi kwa methali.

Jirani yetu pale mtoni alikuwa Mama Tatu, mjane wa Kisangu mwenye sauti nzito, ambaye hakuwahi kutusalimia. Asubuhi moja niliachiwa ng'ombe kwa muda mfupi, nikajisahau nikiokota vijiwe vya kuchezea. Wakanusa maji, wakakivamia kisima chake na kukikanyaga mpaka kikafukiwa. Hakuwa na maji mengine, na mjukuu wake alikuwa akiharisha tangu jana yake. Watu walikusanyika, maneno yakawa makali. Mmoja akasema wafugaji tuondoke. Mama yangu alinishika bega.

"Sema mwenyewe," aliniambia.

"Ng'ombe niliachiwa mimi, bibi. Nilikuwa nacheza."

Mama Tatu alinyoosha mkono kuelekea shimo. "Haya, umesema. Shuka tuchimbe."

Mama alimpelekea mjukuu ndoo yetu ya siku ile, akarudi na jembe. Tulichimba sote watatu hadi jua la utosini. Mama Tatu alinifundisha kusuka matete kuzunguka shimo ili mchanga usiporomoke, na kuyaacha maji yatulie. Yalipotakata, kata ya kwanza alinipa mimi. Mtoto alipona. Tangu hapo tulitumia kisima kimoja, ng'ombe wakanywea mbali, na foleni ya asubuhi ikawa baraza letu: pale nilijifunza Kisangu, pale mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

Leo kijijini kuna kisima kirefu chenye pampu ya jua, na bomba karibu na nyumba. Nashukuru, mgongo wa mama umepumzika. Mama Tatu alifariki nikiwa chuoni, sikuwahi maziko, na hilo bado linaniuma. Mimi sasa naishi mjini, Iyunga, nina simtanki la maji uani. Mwezi uliopita maji yalikatika mtaani siku nne. Wenye uwezo waliagiza boza la maji, wakafunga mageti. Siku ya tatu nilimsikia jirani yangu akikwangua maji kwenye pipa, upande wa pili wa ukuta. Nikajaza ndoo mbili, nikaenda kugonga.

"Nani?" aliuliza.

Niliziweka ndoo chini mbele ya geti. Tumepakana miaka sita, na jina langu lisingemwambia kitu.