Jaribio Langu la Volkano Lilivyofika Bunda Bila Mimi

Jumapili ile, baada ya ibada, katibu wa kanisa letu hapa Kiriba alisimama kusoma matangazo. Akasoma la ng'ombe aliyepotea, akasoma la kusafisha kisima, halafu akatabasamu. "Tumpongeze binti yetu Perpetua wa kidato cha nne. Amegundua kwa nini milima ya volkano hulipuka. Jumatano anakwenda Bunda kuonyesha jaribio lake mbele ya wataalamu." Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu mzazi naye akapiga. Mimi nilikuwa benchi la nyuma namnyonyesha mwanangu Magesa. Nilisimama ghafla hivi, titi likamtoka mdomoni, akalia.

"Hilo jaribio ni langu," nikasema. "Muulizeni alilitoa wapi."

Katibu akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Nyangeta mwanangu, kaa. Uchungu wa kuacha shule tunauelewa."

Kuacha! Sikuacha shule mimi. Nilifukuzwa kidato cha tatu kwa sababu ya mimba, na mwaka mzima nilinyamaza, nikisalimia watu, nikichota maji. Siku ile nikasema basi. Nakwenda Bunda.

Niwaeleze jaribio lenyewe, msije mkadhani nagombania upepo. Tulipokuwa kidato cha pili, Mwalimu Machota wa fizikia alileta darasani jiwe jepesi lenye matundu kama mkate, akasema lilitapikwa na mlima upande wa Ngorongoro. Akauliza: mbona mlima mmoja unamwaga moto wake taratibu, kama maziwa yanayofurika sufuria, na mwingine unapasuka kama bomu? Darasa likatazama dari. Mimi nikawaza uji. Uji mwepesi wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, ukichemka unatoa povu tu. Mzito unakohoa na kukuunguza mkono. Nikaomba kipande cha bomba la chuma kilichozibwa chini. Nikatia uji mzito uliopoa, uliochanganywa na magadi ya kusaga, nikakamulia ndimu, nikakoroga, nikafunga mdomo haraka kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hewa ikazaliwa humo ndani, mpira ukavimba kama shavu. Nikaukata kwa wembe. Uji ukarukia dari vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na matundu kama lile jiwe. Nikarudia kwa uji mwepesi: povu, ukachuruzika, basi. Kwenye mwepesi hewa inapata njia. Kwenye mzito inabanwa hadi inaurarua. Perpetua tulikaa naye dawati moja. Yeye alishika bomba, na kwa kuwa ana mwandiko mzuri, aliandika daftarini. Kushika na kuandika, hiyo ndiyo sehemu yake.

Jumatatu asubuhi niliondoka Kiriba, nikipewa lifti ya baiskeli hapa na kutembea pale, Magesa mgongoni, na kikapu chenye unga wake wa udaga. Jua lilikuwa limeinama nilipofika Mwisenge, Musoma, kwa mama mdogo.

"Unakwenda kumpiga?" akaniuliza kabla hata sijatua kikapu.

"Nakwenda kumwona."

"Wewe una wivu, Nyangeta."

"Ninao, mama mdogo. Tena mwingi."

Akacheka, akanitengea dagaa. "Afadhali unasema. Mimi nilimwoneaga dada yangu wivu miaka kumi, nikawa naita kichwa kinaniuma."

Jumanne ilipita tunangoja dizeli. Lori lilikuwa la kubeba pamba, dereva alikuwepo, barabara ilikuwepo, kilichokosekana ni mafuta. Yalipatikana alasiri, tukaenda juu ya magunia matupu, watu watano na upepo wote wa dunia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia Perpetua kitu kitakachomkaa mwilini mpaka azeeke. Nikafikia kwa binamu wa mama, pale Bunda mjini.

Jumatano saa tatu niliingia ukumbini. Shule nyingi zimekuja, meza zimepangwa, na meza ya katikati ndiyo ya Perpetua. Jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu. Wakati ule watu walikuwa ndiyo wameanza kuruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, na mjomba wake alikuwa haukosi mpaka wa Kenya. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi, soksi nyeupe pee, na ananukia sabuni. Sisi wengine tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Nilimtazama kuanzia soksi mpaka marinda ya sketi, ile sketi ya shule ambayo yangu niliikata nepi, nikamwonea wivu hadi meno yakaniuma.

Jaji mkuu alikuwa mzee mmoja mtaalamu wa miamba, mwenye miwani minene. Perpetua akaeleza vizuri, neno kwa neno kutoka daftarini. Akakata mpira wa bomba la uji mwepesi: povu. Sawa. Akakata wa bomba la uji mzito. Pwee. Povu tena, likashuka kwenye kitambaa cha meza.

"Volkano inaharisha!" akapiga kelele mwanafunzi mmoja, na ukumbi ukaanguka kicheko. Nilicheka kuliko wote. Magesa alikuwa anatikisika mgongoni. Nilisema moyoni: Mungu yupo.

Mzee akavua miwani, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Uji mzito na mwepesi, tabia moja. Hoja haikuthibitika."

Hapo kicheko kilinikauka. Haikuthibitika? Ile niliyoiona kwa macho yangu, iliyobandika uji kwenye dari ya darasa? Perpetua aumbuke, sawa, hata mara mbili. Lakini hoja ni ya kweli, na alikuwa anaizika mbele yangu. Nikajikuta niko mezani.

"Huo uji si mzito!"

"Mama, wageni wanakaa nyuma," akasema mwalimu aliyewaleta kina Perpetua.

Nikachovya kidole, nikaramba. Mtamu. "Perpetua, umetia kimea?"

Akanong'ona, machozi yako karibu. "Uliganda jana njiani, nikaupasha moto, nikaulegeza. Si ndivyo unavyomfanyiaga Magesa?"

Mama yeyote anajua: uji wa mtoto ukiwa mzito, unatia unga wa ulezi uliochipua, unalainika. Ukiulaza nao, asubuhi una maji. Nikamgeukia mzee. "Nipe nusu saa. Kitu chenyewe ni cha kweli, aliyekosea ni mpishi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ninaujua uji."

Akatazama saa yake. "Nusu saa, mama."

Nje kulikuwa na mama ntilie. Nikamwomba jiko, nikamimina unga wote wa Magesa sufuriani, ule wa siku tatu. Yule mama akachungulia. "Bibi wee, huo uji au ugali?"

"Hiyo ni volkano."

"Haya, isiniunguzie sufuria."

Nikaupoza kwenye karai la maji, nikarudi nao, nikatia magadi na ndimu mwenyewe, nikafunga mpira, nikampa Perpetua wembe. Sijui kwa nini nilimpa. Labda mazoea ya dawati. Akakata. Ukaruka! Uligonga bati juu, ukanyesha, na kipande kimoja kikatua kwenye miwani ya mzee. Hakukipangusa. Alikichukua, akakivunja, akatazama matundu yake muda mrefu.

"Kwenye maabara kubwa," akasema, "watu wanatumia mabomba marefu na gundi kuonyesha jambo hilihili. Nani aliwaza udaga?"

Perpetua akafungua mdomo. Mwalimu wao akamuwahi: "Wanafunzi wetu, mzee."

Perpetua akatazama viatu vyake vipya. Akapewa nafasi ya kwanza. Kwenye taarifa waliandika kwamba mama mmoja alisaidia unga.

Nikamkamata nje. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Nyangeta? Jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye fomu. Aliyeandika ni Mwalimu Machota, kabla hajahamishwa. Unadhani ni raha kusimama pale na kitu usichokijua? Nimekuwa naogopa swali tangu Musoma." Akafuta kamasi. "Mimi ndiye ninayekuoneaga wivu."

Yale maneno niliyoyapanga juu ya magunia sikuyaona tena. Ila sikumkumbatia, msije mkadhani.

Alhamisi nilishuka Makutano, nikaenda Butiama, kwao Mwalimu Machota. Njiani nikamuuliza kijana wa ng'ombe nyumba ya Mwalimu iko wapi. "Mama, huku ukisema Mwalimu tu, utajikuta umepelekwa nyumba nyingine kabisa, wakuulize una miadi." Nikataja Machota, akanionyesha.

Nilimkuta anaanika mtama. Alifurahi, akampakata Magesa, mkewe akaleta maziwa ya mgando. Nikawasimulia ya Bunda, nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini aliandika jina la Perpetua?

"Fomu iliuliza jina la mwanafunzi," akasema. "Wewe hukuwa mwanafunzi tena. Ningekuandika, wangelitupa jaribio zima. Nilitaka liende."

"Liende bila mimi."

"Liende, Nyangeta."

Nikatoa karatasi. "Basi saini hapa kwamba ni langu."

Akaitazama kama nyoka. "Nina watoto sita. Mwaka huu wanapunguza watu kazini. Wakiniita waniulize, sitakataa. Lakini kusaini, hapana."

Mkewe akaweka kibuyu chini kwa kishindo. "Chakula cha huyu mtoto kimeishia kwenye bati la Bunda, wewe mwanamume unaogopa kalamu?"

Hakusaini. Mkewe alinijazia kikapu unga, akanisindikiza mpaka njia kubwa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisi ya elimu, Musoma. Karani akauliza malalamiko ni ya nini. Nikamwambia ya volkano. Akasema hakuna jalada la volkano. Nikakaa kwenye benchi lake mpaka alipofungua moja.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba wivu wangu ulinifikisha Bunda, na nashukuru, lakini ulikuwa umenielekeza kwa mtu asiye mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda na barua ya kurasa nne za kumtukana Perpetua. Nikaichana palepale, nikaandika nyingine. Karani aligonga mhuri, nakala ninayo. Hii hapa:

Kwa Afisa Elimu. Yah: malalamiko kuhusu jaribio la volkano.

Mimi ni Nyangeta wa Kiriba. Nilifukuzwa shule kidato cha tatu kwa kuwa mjamzito. Mimi niliondolewa, lakini jaribio langu lilibakizwa likatumika. Nalalamikia hilo, na nalalamikia fomu isiyo na nafasi ya mtu kama mimi.

Siombi Perpetua anyang'anywe cheti. Naomba tuitwe wote wawili siku moja, tuwekewe bomba na unga, tuulizwe kwa nini uji mzito unaruka, na anayejibu ndiye aandikwe. Mwalimu Machota aitwe pia, maana amesema akiulizwa hatakataa.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Mkichelewa nitakuja mwenyewe kila Ijumaa, na nitakuja na mtoto, kwa sababu ananyonya.