Mbegu za Dada Kwenye Baiskeli Isiyo na Keria

Baiskeli isiyo na keria si baiskeli. Naandika hivyo na sitaki mtu anibishie. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo lenyewe nusu yake nilikuwa machungani, lakini nimeendesha baiskeli tangu meno yangu yote yapo. Nimebeba magunia ya karanga, nimebeba mlango wa nyumba, nimembeba marehemu mke wangu akiwa na uchungu wa kujifungua, na mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye aliyekuja kuolewa na huyu bwana wa mikoba.

Mkwe wangu ni mtu wa ofisini, anakaa mjini, mtaa wa Kikuyu. Si mtu mbaya. Jumamosi yeye na wenzake huvaa kaptura za kubana wakaenda kulala porini na baiskeli zao, kwa hiari yao, na nyumba wanazo. Baiskeli yake ina usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na matairi ya kukanyagia kokoto. Nyuma hakuna kitu, upepo tu. Mizigo anaifunga kwa mikanda: mkoba mmoja chini ya kiti, mwingine katikati ya fremu. Eti uzito ukikaa chini baiskeli haiyumbi.

Basi mwaka huu mbegu za uwele za dada yangu ziliisha kwa wadudu. Dada ni mjane, yuko kijijini upande wa Bahi. Alikuwa ameshaberega, yaani ameshafyeka na kuchoma majani bila kulima, anangoja mvua tu. Za dukani hazitaki, anasema hazijui ardhi yake. Mimi nilikuwa nazo zile za mama yetu, nimezitundika juu ya moshi jikoni kwangu Zuzu. Mkwe aliposikia nampelekea, akaja twende wote, akamsalimie shangazi wa mkewe.

Alinikuta nimeshafunga mfuko wa mbegu kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, umetulia kabisa. Akaniamkia, akautazama.

"Baba, wewe ubebe na mimi nipo? Watu wa njiani watanionaje?"

Hapo nikakwama. Kwetu mkwe akitaka kukubebea, unampa. Ukimkatalia umemwambia hafai, na habari itamfikia binti yako kabla hujavuka reli. Nikafungua mpira. Mfuko haukuingia popote, ikabidi tumimine: kidogo chini ya kiti, nyingi kwenye ule mkoba wa fremu, pamoja na mfuko wake wa maji wenye mrija.

"Hayo maji hayatoki?" nikauliza, kwa upole kama ninayeuliza habari za nyumbani.

"Hayatoki baba. Umetengenezwa kwa kazi hii."

Umetengenezwa! Na nani, huyo ambaye hajawahi kupanda hata punje?

Njia ile ni vumbi na vijituta, inatikisa mtu mpaka maini. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaona goti lake linang'aa, nikasema jasho. Lakini jasho gani linadondokea cheni? Sasa unamwambiaje mkwe wako, mtu mzima mwenye watoto, kwamba anavuja? Nikanyamaza. Nilikanyaga pedali kwa hasira mpaka mguu ukashikwa na ganzi, na nikanyamaza.

Dada alitupokea vizuri, akaingiza mkono mkobani, akautoa umejaa kitu kama uji.

"Nani amezipika hizi?"

Mkwe akainama. "Nilihisi ubaridi tangu kule darajani, shangazi. Nikaona nikisimama, baba atajua nimeharibu."

"Na wewe?" dada akanigeukia.

"Niliona yanadondoka."

"Mkanyamaza wote wawili! Mnaheshimiana juu ya shamba langu!"

Zilikuwa zimeshavimba, na ardhi kavu. Kuzianika tena alikataa, akasema hawezi kuweka chakula cha mwaka mzima kwenye kubahatisha. Zile za chini ya kiti zilipona, za kutosha kona moja ya shamba. Zilizobaki alizikausha motoni, akazitwanga, jioni tukazila ugali kwa mlenda. Mbegu za mama! Na mkwe, kwa adabu zake, akasema, "Tamu sana, shangazi."

"Nyamaza!" nikamwambia. Sijawahi kumfokea mkwe maishani. Akanawa mikono, akatoka nje.

Nilirudi Zuzu peke yangu, nikashusha mbegu za shamba langu mwenyewe, nikafunga nusu kwenye keria na kumpelekea dada. Zilifika kavu. Juzi binti yangu amepiga simu: mume wake amesononeka, eti nimwombe radhi. Nimemwambia simwombi. Nusu ya shamba langu mwaka huu imeota magugu matupu, amlete mumewe aje aitazame.