Mayai ya Kware ya Mzee Makino

Orie Tsukidate alikuja huku Aichi, katikati ya Japani, akiwa bado msichana, akitokea kaskazini kwenye theluji, na kwao hakurudi tena isipokuwa kuzika. Alimzika baba, kisha mama. Alikuwa mtafiti katika taasisi yetu ya kilimani, nami nilikuwa mpokezi wa wageni na mizigo pale mlangoni.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia seli chache ndani ya kiinitete cha ndege. Zinaanzia karibu na shingo, zinatambaa taratibu hadi mwisho wa utumbo, na huko zinageuka kuwa neva. Kuna watoto wanaozaliwa seli hizo hazijafika mwisho. Tumbo linavimba, choo hakitoki, mpaka wapasuliwe. Orie alitaka kujua zinakwama wapi, na kwa nini.

Zamani maabara yake ilijaa watu. Profesa wao alipostaafu, wanafunzi walitawanyika, akabaki yeye na hadubini yake dirishani, meza nyingine zikiwa tupu. Mchana alikula tonge lake la wali peke yake, akitazama maegesho ya magari. Mwanzoni wenzake wa vyumba vingine walimwalika chakula. Alikataa kwa haya, wakadhani hapendi kukaa nao, wakaacha. Ukimsalimu saa za jioni sauti yake ilitoka imekwaruza, maana hakuwa ameitumia tangu asubuhi.

Aliyeweza kumchekesha ni mmoja tu, Mzee Makino, mfugaji wa kware kutoka Toyohashi aliyetuletea mayai yenye mbegu kila wiki. Angeweza kuniachia mimi mzigo akaondoka, lakini alisubiri Orie ashuke mwenyewe. Alimwita Mwalimu, kama tunavyowaita wasomi huku.

"Mwalimu, umekonda! Kware wangu wanakula kukushinda."

"Kware wako wana mtu wa kuwapikia, Mzee Makino."

"Basi njoo nikufuge. Banda lina nafasi!"

Orie aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Siku moja mzee akamuuliza mayai yale anayafanyia nini hasa.

"Natafuta seli zinazouwezesha utumbo kusukuma chakula. Bila hizo mtu haendi choo."

"Choo?" Mzee Makino akanigeukia. "Umesikia huyu? Miaka yote natamba kwa majirani kwamba kware wangu wako kwenye sayansi, kumbe wako chooni!"

Alipoondoka, Orie alibaki kaunta kwangu kidogo, bado anatabasamu, akipanga trei za mayai ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akapanda nazo juu.

Majira ya baridi mwaka ule mafua ya ndege yakaingia Toyohashi. Kware wa Mzee Makino walipimwa, wakakutwa nayo. Maafisa wa mifugo walikuja wamevaa nguo nyeupe toka utosini hadi miguuni, wakawaua ndege wote na kuwafukia. Kisha wakatupigia simu: mayai yote yaliyotoka banda lile karibuni nayo yaharibiwe, leo hii.

Nilipanda juu na mfuko wa taka za maabara. Orie alikuwa mbele ya kiangulio cha mayai, mlango wa mashine uko wazi. Mwaka mzima alikuwa amehangaika kuzitia seli zile rangi ya kijani inayong'aa bila kukiua kiinitete, na safari hii ilikuwa imekubali. Alichukua mfuko bila kuniangalia. Hapo simu yake ikaita, na kwa kuwa alikuwa na glavu mikononi, aliiweka mezani ikaongea kwa sauti.

"Mwalimu, ni Makino. Nisamehe sana. Nimekuharibia kazi."

"Usiseme hivyo, Mzee wangu. Wewe umepoteza zaidi."

"Hayo mayai ya mwisho, bado yako hai?"

Orie akaliweka chini ya hadubini yai moja alilokuwa amelikata kidirisha kwenye ganda. "Hai. Moyo unapiga."

"Nihadithie unachokiona. Nimekuletea mayai miaka yote, sijawahi kuona ndani."

Akamweleza. Mishipa midogo myekundu imetanda juu ya kiini. Jicho limeanza kuonekana. Seli za kijani zimeshaingia tumboni, zinafuatana.

"Zinakwenda vizuri?"

"Vizuri sana."

Halafu mzee akasema, "Huku kimya, Mwalimu. Kware walikuwa na kelele mno, nikiwatukana kila alfajiri. Wewe hukaa peke yako. Hivi hali hii inazoeleka?"

"Mimi bado sijazoea," Orie akasema.

Walipoagana aliyatia mayai mfukoni moja moja, polepole, akafunga, akaupeleka mwenyewe kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu.

Mzee Makino hakufuga tena. Alihamia Yokohama kwa mwanawe. Orie alianza upya kwa mayai ya mfugaji mwingine, yaliyoletwa na kijana wa vifurushi aliyetaka sahihi tu. Ilimchukua muda, lakini alifanikiwa: aliona kwamba ukiziondoa seli zilizotangulia, zilizokuwa nyuma zinashika njia na kusonga mbele. Utafiti ukachapishwa, na mwishoni mwake akamshukuru Mzee Makino kwa jina.

Jumamosi moja alipanda treni kumpelekea nakala. Jumatatu nilimkuta ananingoja nifungue mlango, nikamuuliza habari za mzee.

"Mzima. Kusikia ndiko kumepungua. Tulitazama mieleka ya sumo kwenye runinga mpaka mkwewe akatandika meza." Akaongeza: "Alimwambia mjukuu wake kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuwaona kware wake."

"Na nakala?"

"Aliishika mkononi muda wote. Hakuifungua."

Akanishukuru kwa kumfungulia, akapanda ngazi. Baadaye nikaona taa ya chumba chake imewaka.