Shahada ya Pili ya Tumun

Tumun Wak alikuwa na miaka tisa alipomwona baba yake akianguka katikati ya mibuni, mshale umezama chini ya kwapa. Alipofika miaka kumi na mmoja alikuwa ameshajua kukimbia na mdogo wake mgongoni huku nyumba zikiungua nyuma yao. Ndivyo walivyokua wengi wa rika lake katika Bonde la Wahgi, nyanda za juu ambako koo zilipigana kizazi hadi kizazi, na yeye hakuona kama hapo pana hadithi ya kumsimulia mtu. Alisoma, akawa mwalimu wa hesabu, akaoa mwanamke wa mkoa jirani wa Simbu aitwaye Dorin, wakapata mabinti wawili. Kwa miaka kumi na sita alifundisha shule ileile. Wanafunzi walimwogopa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ukitua shavuni, shavu linakumbuka wiki nzima.

Shahada ya pili aliifuata kwa sababu moja tu. Alitaka kuwa mkuu wa shule, na wakubwa walikuwa wamemwambia kiti hicho sasa kinataka karatasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Akaaga, akapanda gari, akashuka mji wa chuo kikuu, mwendo wa saa nne kutoka bondeni.

Darasani walikuwa wanane. Katika bweni la wakubwa akapangiwa chumba namba saba pamoja na mwalimu wa fizikia aitwaye Kunjil. Mwandikishaji aliona wote wawili wametoka Wahgi, akadhani amewafanyia hisani. Hakujua kwamba Kunjil alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, na kwamba watu wa ng'ambo ndio waliompiga mshale baba yake Tumun. Amani ilikuwa imekaa miaka kumi na tisa, nguruwe wa fidia walishaliwa na mifupa yao ilishaoza. Hata hivyo, usiku wa kwanza kila mmoja alilala amegeukia mlango.

Kilichowasogeza karibu ni taabu. Msimamizi wa kwanza wa Tumun alikaa na sura ya kwanza ya tasnifu yake miezi mitano. Alipoirudisha ilikuwa na alama moja ya vema kwenye jalada na neno moja: "Nzuri." Ndani hakuna hata ukurasa uliokunjwa. Tumun aliitupa ukutani, halafu akaupiga ukuta wenyewe kwa ngumi mpaka vifundo vikachanika.

"Ninarudi nyumbani," alisema. "Ninasoma kwa ajili ya nani? Mbwa wangu angeisoma vizuri zaidi."

Kunjil alikuwa anamenya kiazi kitamu. "Mbwa wako hajui hesabu, kaka. Lete nikusomee mimi."

"Wewe mtu wa fizikia unajua nini habari za elimu?"

"Najua sentensi mbovu nikiiona. Hii ya kwanza, kwa mfano. Imelewa, haijui nyumbani kwao ni wapi."

Tumun alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Toka siku hiyo Kunjil akawa anamsomea kurasa zake kwa sauti, na kila sentensi iliyopotea njia aliisimamisha na kuihoji. Yeye Kunjil hakuja kutafuta cheo. Alisema alitaka kujua tu, na akisema hivyo Tumun alimtazama kama mtu anayesema anapanda mlima ili aone upepo. Lakini mwaka ulipoisha wanafunzi wanne walikuwa wamekwishaacha, na hao wawili wa chumba namba saba bado wapo.

Mwaka wa pili akaletewa msimamizi mpya, Dokta Konio Vagi, mwanamke mfupi wa pwani aliyetafuna popoo na kusema bila kuzunguka. Utafiti wa Tumun ulihusu walimu wanaoanza shahada ya pili: nini kinawapa moyo, nini kinawaridhisha, nini kinawafukuza. Alikuwa na dodoso aliloliokota kwenye utafiti wa nchi nyingine. Umeridhika na maktaba? Zungushia namba, moja hadi tano. Umeridhika na ratiba? Moja hadi tano.

Dokta Konio alilisoma lote mbele yake, akalikunja, akalitia chini ya kikombe chake cha chai. "Mwalimu Tumun, wale wanne walioacha, waliacha kwa sababu ya maktaba?"

"Sijui, Dokta."

"Basi kawaulize. Na waliobaki pia."

Akaenda kuuliza. Rosina, mwalimu wa Kiingereza waliyesoma naye, alimwonyesha mahali ambapo mbavu zake mbili ziliunga vibaya. Mumewe alimpiga kwa gogo la kuni kwa sababu alikuwa anasoma kitandani. Kesho yake alikuja darasani amejifunga shuka kifuani, akakaa wima saa tatu.

"Kwa nini ulikuja?" Tumun aliuliza, kalamu mkononi.

Rosina alimkazia macho. "Nyumbani naambiwa nyamaza. Shuleni kwangu mkuu ananiambia nyamaza. Humu ndani mtu ananiuliza, Rosina, wewe unafikiri nini? Ningekuja hata natambaa."

Mmoja wa wale walioacha alimkuta kijijini, jicho moja limekufa. Ukoo wake ulimwita vitani katikati ya mitihani, akaenda. Alijibu maswali yote kwa heshima, na mwisho akauliza kama kile kitabu alichokiazima bado kinadaiwa.

Tumun aliyaandika haya yote, lakini mwishoni mwa sura yake ya nne akahitimisha kwamba kinachowashikilia wanafunzi ni tumaini la kupandishwa cheo. Ndivyo alivyokuja yeye, na hakuona kwa nini wengine wawe tofauti.

Ilikuwa mwezi wa nane vita viliporudi bondeni. Vilianzia kwenye mpira. Refa alikataa bao, kijana mmoja akampasua mwenzake kichwa kwa chupa, na kabla ya Jumapili watu sita walikuwa wamekufa pande zote mbili. Chumbani hawakulitaja. Kunjil alisoma, Tumun alisoma, na kila simu ilipolia wote wawili waliacha kupumua.

Jumatano asubuhi simu iliyolia ilikuwa ya Tumun. Baba yake mdogo, Mek, ndiye aliyepiga.

"Kaman wamemuua," alisema. Kaman ndiye yule mdogo aliyekuwa akibebwa mgongoni. "Alikuwa anachuma kahawa. Wamempiga risasi, halafu wakamkata. Nimekutumia picha uone walivyomkata."

Tumun aliiona. Akakaa sakafuni.

"Tumeshakaribia hapo mjini na gari," Mek aliendelea. "Yule mtu wao analala chumba gani?"

Tumun hakujiuliza hata kidogo. "Saba," alisema. "Chumba namba saba."

Kunjil aliingia dakika chache baadaye kutoka kuoga, taulo kiunoni, maji bado yanamtiririka. Alisimama mlangoni. Uso wake ulionyesha kwamba na yeye alishapigiwa simu.

"Nimesikia, kaka," alisema. "Pole sana."

Nyuma ya mlango kulikuwa na nondo waliyokuwa wakikomelea usiku. Tumun aliinyakua na kumpiga nayo usoni. Taya lilivunjika kwa mlio ambao aliusikia mpaka kwenye meno yake mwenyewe. Kunjil alianguka kati ya vitanda. Tumun akampiga tena, begani, na tena, mgongoni, akitamka jina la Kaman kila pigo. Kunjil hakuinua mkono. Alijigeuza ubavu, akatema damu na meno, akamtazama.

"Maliza wewe," alisema, na maneno yalimtoka kama matope. "Nakuomba. Usiwaachie watu wako."

Tumun alikuwa ameinua nondo juu ya kichwa. Alijiambia ashushe. Akaona mkono hautaki. Huko nje honi ikalia, milango ya gari ikafunguliwa, na sauti ya Mek ikauliza mtu, "Saba iko wapi?"

Hapo ndipo akili ilimrudia, na ilirudi na hofu. Aliufunga mlango, akaukomea kwa nondo ileile, damu ya Kunjil ikimchafua viganja.

"Tumun! Fungua!"

"Ondokeni, Baba. Nimeshampiga. Inatosha."

"Inatosha? Kaman yuko kwenye turubai vipandevipande, wewe unaniambia inatosha? Fungua mlango, mwalimu! Au umeshakuwa mke wake huko ndani?"

Wenzake wakacheka, kicheko kibaya. Halafu mapanga yakaanza kuukata mlango. Ubao ulikuwa mwembamba. Mkono uliingia ukipapasa nondo, Tumun akauuma mpaka mfupani, ukatoka na yowe. Bunduki ya kienyeji, iliyotengenezwa kwa bomba la maji, ikafyatuliwa kupitia tundu, chembe za risasi zikamwingia pajani. Alianguka, akasimama, akasukuma kitanda mlangoni kwa kifua. Panga likapita kwenye ufa mara ya kwanza likakosa. Mara ya pili likapata mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vilianguka sakafuni, na yeye alivitazama kwanza bila maumivu yoyote, kama vitu vya mtu mwingine.

Kilichowaokoa ni Rosina. Alitoka jikoni mwa bweni, alikokuwa ameingia kunywa chai kabla ya darasa, na sufuria la viazi lililokuwa likichemka, akalimwaga lote juu ya migongo iliyojazana pale mlangoni. Nyuma yake walikuja wapishi na mawe, walinzi na marungu, wanafunzi na miguu ya viti. Kijana mmoja wa ukoo wa Tumun alipondwa goti. Mek alipigwa jiwe kwenye paji la uso, akarudi nyuma mpaka garini huku damu inamziba macho.

"Sikia, Tumun!" alipiga kelele. "Kaman amekufa mara mbili! Ya pili umemuua wewe!"

Hospitali waliwalaza wadi tofauti, na polisi mlangoni. Kunjil alifungwa taya kwa waya. Siku ya tano watu wake walikuja wakamchukua wakampeleka pwani, na hawakumruhusu Tumun kumwona. Yeye mwenyewe aliletewa habari moja baada ya nyingine: nyumba yake imechomwa, na waliochoma ni watu wake. Mibuni imekatwa. Nguruwe wake wamechinjwa na kuachwa wavimbe juani, maana hakuna aliyetaka kula nyama ya msaliti. Dorin na mabinti walikimbilia Simbu kwa wazazi wake, wamevaa nguo walizokuwa nazo mwilini. Shuleni kwake hangeweza kukanyaga tena, seuze kuwa mkuu. Cheo kile alichokifuata kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba.

Wiki ya tatu akaja Dokta Konio. Alileta ndizi na sura ya nne. Kila ukurasa ulikuwa umejaa wino mwekundu, pembeni, juu, chini, mpaka nyuma ya karatasi.

"Dokta, mimi nimemaliza," Tumun alisema. "Sina kwa kwenda nayo."

"Sikukuuliza unakwenda nayo wapi. Ukurasa wa arobaini umedanganya."

"Nimedanganya nini?"

"Umeandika watu wanabaki kwa ajili ya cheo. Nimesoma mahojiano yako yote. Hakuna hata mmoja aliyebaki aliyesema hivyo. Ni wewe tu unayesema." Alimsogezea karatasi juu ya shuka. "Sasa na wewe cheo huna. Unataka kuacha, au unataka kunibishia?"

Tumun alikumbuka mlango, namba aliyoitaja kwenye simu, nondo. Alilia kwa mara ya kwanza tangu picha ile, kilio cha sauti kubwa mpaka muuguzi akachungulia. Dokta Konio alimenya ndizi akala, akamngoja. Mwishowe Tumun akasema, "Ukurasa wa arobaini na moja pia ni mbovu," na akaomba kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

Ilimchukua miezi kumi na minne. Herufi zake zilikuwa kama za mtoto, na kuna siku alilichana daftari zima kwa hasira. Aliandika upya kwamba walioendelea walikuwa na mtu wa kuwasoma kwa makini na mtu wa kula naye; aliyekosa wote wawili aliondoka, hata maktaba ingejengwa kwa dhahabu. Aliandika pia, kwa sentensi fupi, kwamba mtafiti mwenyewe alikuwa na watu hao wawili, na kwamba yeye ndiye aliyemvunja taya mmoja wao. Watahini walimshauri aiondoe. Alikataa.

Alimwandikia Kunjil barua tatu pwani, ambako alikuwa amehamishiwa masomo. Katika ya tatu alimwambia yote, hata ile simu ya "saba". Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: "Hilo la simu nilikuwa nimelihisi. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Siwezi kutafuna nyama. Nitumie sura ya nne." Akaituma. Ilirudi imesahihishwa kila mstari, bila hata salamu.

Siku ya mahafali Dorin alikuja na mabinti. Vita bondeni vilikuwa vimekwisha kwa nguruwe wengi na makaburi thelathini na moja. Tumun alikuwa uwanjani amevaa joho alipomwona mama yake anapenya katikati ya watu, bado amejipaka udongo wa matanga. Hawakuwa wameonana tangu kifo cha Kaman. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake, akampiga kofi hadi watu wa mbali wakageuka. Akampiga jingine. Tumun hakukwepa, na Dorin aliposogea, alimwashiria asiingilie.

Halafu mama akakaa chini kwenye majani, akihema, akanyoosha mkono apewe chakula. Mabinti wakampa nyama na viazi. Alikula huku anautazama ule mkono wenye vidole viwili.

"Wewe ndiye uliyebaki," alisema mwishowe, bila kumtazama usoni. "Haya, kaa. Nisomee hicho ulichoandika."

"Ni kirefu, mama."

"Nimetembea siku mbili. Soma."